Kadi ya Mlango wa Kabati

Halifax, 9 Aprili 1996

Kaka Norris,

Hamjambo huko visiwani? Huku baridi imetuachia, japo kwa shingo upande. Mwambie wifi Isbel soksi zimefika. Ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia, lakini Desmond anasema tangu operesheni mwili wake nao haulingani, basi zimempata mwenyewe. Rabarba imechipua nyuma ya banda. Paka wa marehemu Mama bado anakaa dirishani kumngoja. Nimechoka kumwambia.

Nakuandikia kwa sababu simu huisikii, na kumfanya Isbel anipokee maneno kisha akupigie kelele sikioni ni kumwonea. Tena maneno yenyewe ni ya choo.

Daktari alituambia Jumatano, "Kama kuna mahali mnapapenda, nendeni kabla ya Agosti." Hakuongeza neno, na sisi hatukuuliza. Desmond anapataka mahali pamoja tu, unapajua: konde la akina Stonehouse kule Ravensby, tulikokokota karavani ya Baba, kile kijumba chake cha magurudumu, wiki ya harusi yetu mwaka hamsini na nane. Konde halijabadilika. Karavani tano na si zaidi, bomba moja la maji, shimo la kumwagia uchafu, na bahari chini yake. Choo cha watu wote hakuna, kila mtu anakuja na chake.

Chetu flashi imekufa. Ukibonyeza kitufe pampu inanguruma, unasikia inajitahidi, halafu kwenye beseni yanashuka matone matatu ya aibu. Na zulia pembeni ya choo lina unyevunyevu. Wamemkata Desmond utumbo futi mbili, Norris. Akisikia haja hana dakika moja ya kusubiri, na kwa siku ni mara nane au tisa. Bila flashi hatuendi popote.

Baridi tumeitoa kwenye hesabu, maana hakukuwa na maji ndani ya kuganda na kupasua bomba. Nimefungua mlango wa kabati nikaisoma kadi ya Baba: "Maji yote yamemwagwa. N. Garside, 22 Oktoba 1995." Jina lako liko chini ya la Desmond wa mwaka juzi, na la Baba lipo juu kabisa tangu karavani ya kwanza. Nilimsikia Baba kama yuko pale: huandiki jina mpaka umesikia tone la mwisho. Desmond alikuwa wodini wiki ile na mimi nilikuwa sijui kushoto wala kulia, na wewe ulitutunzia. Sikukushukuru wakati ule kwa sababu ya yale maneno tuliyogombana juu ya saa ya Mama. Nakushukuru sasa.

Wewe umekula mkate wa bomba miaka arobaini. Niambie nianzie wapi.

Dada yako,
Thelma


Kirkwall, 20 Aprili 1996

Thelma,

Tupo. Upepo umeng'oa mlango wa banda la kuku, kuku mmoja tumemkuta kwa jirani akiwa hana habari na sisi. Isbel anakusalimu na anasema urefu wa soksi ya kushoto ni kosa la uzi. Magoti yangu yananiambia mvua itanyesha siku mbili kabla ya redio. Mpe pole shemeji.

Nyinyi watu! Hata Pasaka haijapoa mnaniletea choo. Haya.

Angalia fyuzi kwanza. Ipo nyuma ya kabati la kushoto, ya tatu kutoka juu. Toa, futa, rudisha. Kisha betri, maana pampu ikipata umeme mdogo inanguruma bila kusukuma. Kisha hakikisha tangi la maji ya flashi limejaa, maana najua mnavyojaza, nusu jagi mnasema tayari. Ule unyevu usiujali. Ni pumzi za watu. Nyumba ya futi kumi na nne mkifunga madirisha ukuta unatoka jasho.

Kaeni kwa amani. Mwambie Desmond asibebe betri.

Norris


Halifax, 4 Mei 1996

Kaka,

Salamu kutoka kwetu wote wawili na paka. Jumapili tulikula pai, Desmond akamaliza kipande kizima, nikaenda jikoni kulia kidogo kwa furaha. Ana kilo hamsini na sita. Zamani mkono wake mmoja tu ulikuwa na uzito huo, wakati anapakua marobota kiwandani.

Fyuzi nzima. Nimebadilisha hata hivyo. Betri nimeipeleka kwa Bwana Pickersgill wa mtaani kwetu akaipima, nzima. Tangi limejaa pomoni. Hali ni ile ile.

Basi nikamwita Ackroyd, fundi wa karavani wa barabara ya mfereji. Akalala chini na tochi yake, akanusanusa zulia, akasema, "Mama, hii ni baridi. Maji yameachwa ndani yakaganda. Ngoja nivunje ukuta huu wa nyuma nione."

Desmond alikuwa amekaa nje kwenye kiti na blanketi. Akasimama, Norris, yeye ambaye hasimami kwa ajili ya mtu. Akaingia, akafungua mlango wa kabati, akaigonga kadi kwa kidole.

"Soma hapo."

Ackroyd akasoma.

"Huyo ni shemeji yangu," Desmond akasema. "Tumechukiana miaka thelathini na minane na sijawahi kumpenda hata siku moja. Lakini ni fundi bomba. Fundi hasaini uongo. Acha ukuta wa watu, tafuta ugonjwa wenyewe."

Ackroyd akaomba radhi. Akasema basi itakuwa pampu.

Nimekuandikia hayo yote ujue. Miaka yote nilikuwa katikati yenu kama mpira, na siku nitakayosikia mmoja akimtetea mwenzake sikudhani nitaiona. Nilitamani ungekuwepo, hata kama usingesikia.

Ackroyd anauliza jambo moja, mstari mmoja unatosha. Mbali na zile koki mbili kubwa za kumwagia maji, ile ndogo ya chini ya tangi la flashi nayo uliifungua?

Thelma


Kirkwall, 23 Mei 1996

Thelma,

Usinune kwa kuchelewa. Meli haikutia gati siku nne, kisha Isbel alikuwa na mafua, kisha tulimzika mzee Flett wa nyumba ya pili. Watu walijaa mpaka barabarani, na hakuwa mtu wa maana sana. Kuku ametaga.

Agiza pampu. Huyo Ackroyd wenu namjua aina yake, hawa wa siku hizi kila kitu ni kuvunja ukuta wapate saa za kazi. Pampu ya kuzama, ya volti kumi na mbili, waya mwekundu na mweusi, usizichanganye. Unaitoa kwa kuvuta kofia ya pale unapojazia maji, inakuja na bomba lake. Mkono wako ni mdogo kuliko wangu, utaweza. Ukimaliza paka mafuta mpira wa chini ya beseni, mafuta ya zeituni yanatosha, usiweke mafuta ya gari kama alivyofanya shemeji mwaka ule.

Na saa ya Mama inaendaje? Inataka tone la mafuta kila miezi sita, kama hukuambiwa. Mimi niliambiwa, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiitia.

Norris


Halifax, 7 Juni 1996

Kaka Norris,

Poleni na msiba. Isbel apone. Huku jua limewaka na watu wa mtaa mzima wanatoa karavani zao uani, wanasugua, wanafunga vioo, wanaondoka. Desmond anawahesabu kutoka dirishani. Leo saba.

Pampu ilikaa njiani siku saba. Nimeitia mwenyewe, nyekundu kwa nyekundu. Inanguruma vizuri zaidi kuliko ile ya zamani, inanguruma kama mbunge, na maji haitoi. Ackroyd anasema kilichobaki ni waya ndani ya kitufe, karavani lazima iende karakana kwake, na foleni yake inafika mwisho wa Agosti. Zulia bado bichi. Naacha madirisha ya karavani wazi usiku kucha wiki tatu sasa, na hakuna anayelala mle, pumzi za nani hizo, Norris? Za panya?

Saa inaenda. Mama alinipa mimi mbele yako, kwa mdomo wake, na akili zake timamu. Kama unataka tuizungumze tuizungumze, lakini usiiweke chini ya barua ya choo kama mwiba kwenye samaki.

Hukunijibu kuhusu ile koki ndogo.

Njoo. Nakuomba, na wajua mimi si mwombaji. Panda meli, panda treni, kaa siku mbili. Desmond amebaki kilo hamsini na mbili. Hasemi chochote, anahesabu karavani tu.

Thelma


Kirkwall, 15 Juni 1996

Thelma,

Siwezi kuja. Magoti. Halafu Isbel hawezi kubaki na kuku peke yake.

Tumieni jagi. Baba na Mama walimwagia kwa jagi miaka ishirini na hakuna aliyekufa. Jazeni, wekeni chini ya sinki, mtu akimaliza amwagie. Nendeni tu Ravensby, hali ya hewa haitadumu.

N.


Halifax, 9 Julai 1996

Norris,

Mvua inanyesha tangu Ijumaa. Paka hajambo.

Nilimwambia Desmond habari ya jagi. Akakataa. Akasema, "Thel, wewe unaniogesha. Unanivisha. Unanifuta mdomo. Hilo moja niachie. Nataka nibonyeze kitufe mimi mwenyewe, nitoke kama mtu mwingine yeyote." Nikambembeleza wiki mbili. Nikamwambia kaka anasema hali ya hewa haitadumu. Mwisho akakubali kwa ajili yangu, si kwa ajili yake, na hilo nalijua.

Tukaenda Jumanne iliyopita. Pickersgill alitukokotea. Stonehouse wa sasa, mtoto wa yule mzee wa zamani, alituwekea pembe ile ile karibu na ukuta wa mawe. Desmond akakaa mlangoni na koti lake, akala nusu mkate wa kaa, akasema, "Wimbi ni lile lile, Thel." Nilidhani nimeshinda.

Asubuhi baada ya chai akaingia chooni. Nikasimama mlangoni na jagi. Akamaliza akasema, "Nipe hilo."

"Des, ni zito."

"Nipe, mke wangu."

Nikampa. Akafunga mlango. Nikasikia likianguka, kisha nikamsikia naye akianguka. Nilipofungua alikuwa sakafuni ndani ya maji na uchafu, amegeukia ukuta, pajama zimemganda. Jagi halikuwa limefika hata kwenye beseni. Mama mmoja wa karavani ya pili akaja mbio na tambara la deki, mtu mwema, akauliza kwa sauti, "Jamani, mzee amejichafua? Nisaidie?" Konde zima likasikia. Desmond alifumba macho.

Nilipomaliza kumsafisha akasema, "Twende nyumbani." Nikamwambia leo maji ya bahari yanatoka mchana, tukae uone mchanga. Akasema, "Twende nyumbani, Thel." Tulikaa Ravensby saa kumi na tisa.

Sasa hatoki chumbani. Viatu vyake ameniambia nigawe.

Nimekuuliza mara mbili kwa adabu. Nauliza ya tatu. Tarehe 22 Oktoba ulimwaga maji au hukumwaga? Sitaki fyuzi, sitaki kuku, sitaki magoti. Ndiyo au hapana. Maana kama ni hapana, ugonjwa unajulikana, Ackroyd atavunja ukuta kesho, na Desmond bado ana wiki chache za kubonyeza kitufe.

Thelma


Kirkwall, 20 Julai 1996

Mdogo wangu Thelma,

Hapana.

Nimeandika neno hilo nikaondoka mezani, nikaenda kuwatazama kuku, nikarudi. Bado lipo.

Kwanza nilitaka kukuandikia kwamba ni masikio, kwamba nilifungua koki zote nikadhani nimesikia tone la mwisho kumbe sikusikia. Ungeamini, na watu wangenihurumia. Lakini sikugusa hata koki moja. Nilifungua mlango wa kabati, nikachomoa kalamu, nikaandika, nikafunga. Nilikuwa mle ndani dakika mbili.

Siku ile nilitoka jikoni kwako baada ya maneno ya saa. Mama amezikwa mwezi haujaisha, nimesafiri siku mbili, na kabla sijavua koti uliniambia, "Norris, ukimaliza chai hiyo, sinki la juu linavuja, na karavani haijafungwa." Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote, Thelma. Harusi yako nilitengeneza bomba la maji ya moto. Mazishi ya Baba nilizibua mtaro nikiwa na tai. Hakuna aliyenikaribisha kwenye nyumba yenu bila kunionyesha kitu kilichoharibika. Kisha saa, kitu kimoja kilichokuwa kizima katika nyumba ile, kitu kimoja nilichokitunza bila kuombwa, ukapewa wewe.

Nikasema moyoni, mimi ni kaka yao au ni spana yao? Nikaingia karavani nikaiona kadi ya Baba. Nikasema mwaka huu silali chini kwa ajili ya shemeji. Nikasaini ili usiniulize. Nilidhani majira ya baridi yatakuwa mepesi. Krismasi redio ilipotangaza baridi iliyovunja rekodi nilijua, nikasema nitaandika. Sikuandika. Ulipoandika kuhusu unyevu kwenye zulia nilijua mpaka na kipande chenyewe, kama vile nimekishika.

Barua yako ya Mei, ile ya Desmond kugonga kadi kwa kidole, niliisoma bandani. Baada ya hiyo, kila nilipotaka kusema niliona kidole chake. Ningekubali anichukie miaka thelathini na minane mingine kuliko anitetee dakika moja vile.

Sikiliza. Kipande ni kiwiko cha plastiki, hakizidi ukubwa wa kidole gumba, nyuma ya beseni, pale bomba la pampu linapopanda. Bei yake ni samaki na chipsi. Ondoa tangi la uchafu kwa nje, ingiza tochi, utakiona mkono wa kulia. Kitakuwa na ufa mwembamba kama unywele. Maji yanatokea hapo na kuingia chini ya zulia. Ackroyd anaweza kwa dakika arobaini. Mwambie alikuwa sahihi na mimi nimesema hivyo.

Au sema neno nije nitengeneze mwenyewe. Magoti yangu si mabaya hivyo.

Mwambie Desmond, au usimwambie. Wewe ndiye utakayejua.

Kaka yako,
Norris


Halifax, 27 Oktoba 1996

Norris,

Salamu. Huku majani yameanguka yote na mfereji umejaa. Paka wa Mama amekufa Septemba, dirishani pale pale. Nimemzika chini ya rabarba.

Barua yako ya tarehe ishirini Julai niliipata tarehe kumi na tisa Agosti. Haikuletwa na posta. Isbel aliniwekea mkononi nje ya kanisa, baada ya kumzika Desmond. Ilikuwa imefungwa, imebandikwa stempu, jina langu limeandikwa kwa mwandiko wako mzuri wa shule. Alisema aliikuta kwenye mfuko wa ndani wa koti lako jeusi alipokuwa analipiga pasi ili uje mazishini. Koti lilipigwa pasi. Wewe hukuja. Isbel alisafiri peke yake siku mbili, akaomba radhi kwa niaba ya magoti yako, na alipoiona sura yangu ninaisoma, akaketi juu ya ukuta wa makaburi akajifunika uso. Usimgombeze. Ni mtu mwema aliyepata mume kama wewe, basi.

Desmond alifariki tarehe kumi na mbili Agosti. Tangu siku uliyoandika "hapana" mpaka siku hiyo ni wiki tatu na siku mbili. Nimezihesabu kama yeye alivyokuwa akihesabu karavani. Wiki ya mwisho ya Julai alipata nafuu, alikaa kitandani, akala yai. Akaniuliza kama Ackroyd amepata nafasi kwenye foleni yake. Nikamwambia bado. Akasema, "Ungemwandikia tena kaka yako. Yule mtu ana roho ya kutu, lakini bomba analijua." Nikamwambia nimeandika, tunangoja jibu. Na jibu lilikuwa limekwisha andikwa, linaning'inia ndani ya koti, msumarini nyuma ya mlango wako.

Sikumwambia Desmond kwa kuwa sikuwa najua. Hilo nalo umenichagulia wewe. Alikufa akiamini kadi.

Habari ya sinki na chai, ni kweli. Nimekaa nayo miezi miwili nimeona ni kweli. Tulikutumia. Hatukukuuliza hali kabla ya kukuuliza bomba, na mimi ndiye niliyeanza, maana nilijivunia kuwa na kaka fundi na sikujua namna nyingine ya kukusifu. Hilo ni kosa langu nalibeba. Ungeniambia siku ile jikoni, ungepiga meza, ungeivunja hiyo saa. Tungelia tukamaliza. Wewe ukaenda ukasaini.

Ackroyd alikuja Septemba. Nilimpa barua yako asome sehemu ya kiwiko. Akaingiza mkono, akatoa kipande, akakipangusa kwa shati, akanionyesha. Ufa kama unywele, mkono wa kulia, kama ulivyosema. Hujapoteza ufundi. Alitia kipya kwa dakika thelathini na tano. Kisha akasimama na kofia mkononi akasema, "Mama, mwezi wa tano nilisema."

"Ulisema," nikamjibu.

"Mzee alinionyesha ile kadi. Ningefanya nini?"

"Hakuna. Ungefanya nini."

Alipoondoka nilifunga mlango nikabonyeza kitufe. Maji yakazunguka beseni lote, safi, ya kutosha, yakashuka. Kitu chepesi mno. Mtoto angeweza. Nikabonyeza tena, na tena, mpaka tangi likaisha, na nililia kwa sauti ambayo hata wewe ungeisikia.

Saa nimeifunga vizuri kwenye sanduku, Pickersgill ataituma Jumatatu. Nimeitia mafuta. Siyo zawadi na siyo kusameheana. Sitaki tu kitu kinachogonga ndani ya nyumba hii kinikumbushe bei yake.

Usije kutengeneza kitu chochote. Hakuna kilichoharibika sasa.

Kadi ya Baba nimeibandua mlangoni, imo ndani ya bahasha hii. Nilitaka kulikata jina lako kwa wino, kisha nikaona nikilikata nitakuwa nimekufanyia wema. Nimeliacha. Utaona chini yake kuna mstari mpya. Jana nilimwaga maji mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilifungua koki mbili kubwa, kisha nikalala chini kwenye lile zulia nikaifungua ile ndogo ya chini ya tangi la flashi. Yalitoka muda mrefu. Nikaweka sikio kwenye bomba kama Baba alivyotuonyesha sisi wawili siku moja, wewe una miaka ishirini na sita na mimi ishirini na mmoja, nikangoja mpaka likadondoka tone la mwisho, nikangoja na baada yake.

Halafu ndipo nikaandika jina.

Thelma Outhwaite, mjane wa Desmond